Umbo la Mwovu: Gagool wa Kitabuni na Gagool wa Sinema

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

  Nawasalimu ninyi nyote mliokusanyika darasani hapo Nyamisangura, wilayani Tarime, akina mama mliotoka shambani na akina baba mliokwisha kufunga ng'ombe zizini.

Namwomba mwalimu wa darasa aandike maneno mawili ubaoni. La kwanza ni UMBO. La pili ni TENDO. Yasomeni pamoja kwa sauti, kisha yaandikeni katika madaftari yenu. Mwalimu asiyafute mpaka somo litakapokwisha, maana tutayarudia.

Umbo ni vile mtu au kitu kinavyoonekana kwa macho: kirefu au kifupi, kinene au chembamba, kipya au kikongwe. Tendo ni jambo alifanyalo mtu. Maneno haya mawili ni mepesi kusoma, lakini watu wengi huyachanganya katika maisha. Leo tutaona jinsi yanavyochanganyika, kwa kufuata historia ya mwovu mmoja wa hadithi. Jina lake ni Gagool. Yeye hakuzaliwa na hakufa. Alibuniwa na mwandishi. Walakini ana historia, kwa kuwa watu wamemsimulia mara nyingi, na kila mara wamempa umbo jingine.

Kabla hatujaanza, fumbeni macho kidogo. Likumbukeni zimwi la hadithi mlizosimuliwa na bibi zenu utotoni, mkiota moto jikoni. Lilikuwa na jicho moja au mawili? Lilikuwa na mkia? Lilikuwa refu kama mti, au fupi na nene? Sasa fumbueni macho, kila mmoja amwambie jirani yake alivyoliona.

Mnaona? Kila mmoja ana zimwi lake. Bibi alisema neno moja tu, zimwi, na kila mtoto akajitengenezea umbo lake kichwani. Hiyo ndiyo kazi ya maneno. Shikeni jambo hilo, kisha twende kwenye kitabu.

1. Gagool wa kitabuni

Mwaka 1875 kijana mmoja Mwingereza, Henry Rider Haggard, alifika Natal, Afrika ya Kusini, kufanya kazi katika ofisi ya gavana. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alikaa huko miaka kadhaa, akaona vita, akaona watu, akasikia hadithi nyingi. Aliporudi Uingereza alianza kuandika. Husimuliwa kwamba alibishana na ndugu yake, wakawekeana shilingi tano, kwamba hataweza kuandika hadithi ya kusisimua kama zile zilizosifiwa wakati ule. Basi akaandika upesi, na mwaka 1885 kitabu chake kikatoka. Habari yake ni safari ya Waingereza watatu wanaovuka jangwa na milima kutafuta ndugu aliyepotea, na kutafuta almasi za Mfalme Sulemani. Wanafika katika nchi ya kubuni ya watu waitwao Wakukuana.

Kitabu hicho kilifika kwetu pia. Mwaka 1929 kilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa tafsiri ya Frederick Johnson. Bwana huyo baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja.

Sasa msikilizeni mwovu anavyoingia. Wageni wamekaa mbele ya nyumba ya Mfalme Twala, mfalme mkatili. Katika kivuli cha nyumba wanaona kitu kidogo kimejifunika ngozi yenye manyoya. Msimulizi anadhani ni nyani aliyekauka. Kitu hicho kinatambaa kwa miguu na mikono mpaka kwa mfalme, kinasimama, kinafunua uso. Kumbe ni mwanamke! Ni mzee kupita kiasi. Mwili umenyauka hata uso wake ni mdogo kama wa mtoto wa mwaka mmoja. Ngozi imejaa makunyanzi. Kichwa hakina nywele, na ngozi ya kichwa hucheza kama shingo ya swila anapotaka kuuma. Macho tu ndiyo yaliyo hai. Ni makubwa, meusi, yenye moto na akili.

Huyo ndiye Gagool wa kitabuni. Haggard alikuwa na maneno matupu mkononi, naye akayatumia ili msomaji aogope kabla Gagool hajafanya lolote. Alichukua uzee, akauchanganya na nyani na nyoka. Angalieni vema: mpaka hapo Gagool hajaiba wala hajaua mbele yetu. Kosa lake la kwanza machoni petu ni kuwa mzee sana.

Tena yatupasa kukumbuka nani anasimulia. Msimulizi ni Allan Quatermain, mwindaji Mwingereza. Macho ni yake, na mifano ni yake. Mwandishi alikitoa kitabu kwa wavulana wote wanaokisoma, wakubwa na wadogo. Kumfananisha bibi wa Kiafrika na nyani hakukumwaibisha mwandishi wa siku zile. Sisi tunaosoma leo twaweza kuifurahia hadithi, na papo hapo tukaona kwamba mfano ule ni wa dharau.

Baada ya umbo, yanakuja matendo. Nitayataja matatu.

Tendo la kwanza. Zamani mke wa mfalme wa Wakukuana alizaa watoto pacha. Gagool akamficha mmoja, naye ndiye Twala. Alipokuwa mtu mzima, Gagool akamtoa mbele ya watu na kumpa ufalme, na Twala akamwua nduguye aliyekuwa mfalme wa haki. Mke wa marehemu akakimbia na mtoto wake mdogo.

Tendo la pili. Kila mwaka watu wa nchi hukusanywa usiku kwa maelfu. Wanawake wazee, wakiongozwa na Gagool, hupita kati yao wakinusa, eti wanatafuta wachawi. Anayeguswa huuawa pale pale. Haulizwi neno, hana shahidi, hana hakimu. Katika usiku mmoja wa hadithi hiyo maiti zinapita mia moja. Msimulizi anaeleza kwamba wengi waliuawa kwa sababu mfalme aliwaogopa au alitamani mali yao.

Tendo la tatu. Gagool anawaongoza wageni hadi kwenye chumba cha almasi ndani ya mlima. Wanaposhangaa mali, anatoka kwa siri na kuliteremsha jiwe kubwa lililo mlango. Msichana mmoja, Foulata, anamkamata. Gagool anamchoma kisu, kisha anajaribu kupita chini ya jiwe. Amechelewa. Jiwe linamponda.

2. Gagool wa sinema

Sinema haina maneno ya kumwachia mtazamaji atengeneze umbo mwenyewe. Kamera hupiga picha ya kile kilichosimama mbele yake. Kwa hiyo mtengeneza sinema lazima atafute mtu mwenye mwili, amvishe nguo, amweke mbele ya kamera. Na watazamaji wote, wawe kumi au elfu kumi, humwona mtu yule yule.

Mwaka 1937 Waingereza walitengeneza sinema ya kitabu hiki. Gagool aliigizwa na Sydney Fairbrother, mwigizaji mwanamke Mwingereza, mzungu, aliyepakwa rangi ili aonekane bibi wa Kiafrika. Hapo Gagool bado alikuwa mwanamke na bado alikuwa mzee. Lakini hakuna mwigizaji awezaye kuwa na uso wa ukubwa wa mtoto mchanga. Kwa hiyo sehemu ya umbo la kitabuni ilibaki kitabuni.

Kisha ikaja sinema ya mwaka 1950, nayo inatuhusu zaidi, kwa kuwa ilipigwa katika nchi zetu. Kampuni ya Marekani, Metro-Goldwyn-Mayer, ilileta watu na kamera Afrika ya Mashariki. Walipiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na katika nchi zilizokuwa chini ya Wabelgiji. Walifika Murchison Falls, yale maporomoko makubwa ya mto Nile huko Uganda. Walifika Machakos na Rumuruti huko Kenya. Walifika Astrida na Kisenyi, miji ambayo leo imo katika nchi ya Rwanda na huitwa Huye na Gisenyi. Wageni wakubwa katika sinema hiyo walikuwa Stewart Granger na Deborah Kerr, lakini watu wa Afrika ya Mashariki nao walipewa sehemu. Msaidizi wa msafara aliigizwa na Kimursi, Mkipsigis wa Kenya, yaani mtu wa kabila lililo jirani na Wakurya kule ng'ambo ya mpaka. Umbopa, mwana wa mfalme aliyefukuzwa, aliigizwa na Siriaque, Mtutsi. Mfalme Twala aliigizwa na Baziga, Mtutsi pia.

Na Gagool? Gagool aliigizwa na Sekaryongo, naye ni Mtutsi, tena ni mwanamume. Katika orodha ya waigizaji ameitwa Chifu Gagool.

Fikirini badiliko hilo. Kitabuni ni mwanamke. Katika sinema ni mwanamume. Kitabuni ni kikongwe anayetambaa chini. Katika sinema ni mtu mzima anayetembea wima. Kitabuni ni mdogo kama mtoto. Katika sinema ametoka katika watu ambao dunia nzima ilikuwa ikiwasifu kwa urefu wao. Kitabuni hana cheo ila uganga. Katika sinema ni chifu na mshauri wa mfalme. Ni kama kuchukua jina la mtu mmoja na kumpa mtu mwingine kabisa.

Mwaka 1985 Wamarekani walitengeneza sinema nyingine ya kitabu hicho hicho, nayo ilipigwa Zimbabwe. Mwovu akawa mwanamke tena. Aliigizwa na June Buthelezi, na jina likaongezwa herufi moja mwishoni, Gagoola.

3. Kwa nini umbo likabadilika?

Mwanafunzi wa historia haridhiki kujua kwamba jambo limebadilika. Huuliza sababu. Mimi naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni chombo chenyewe. Maneno yaweza kumfanya mtu awe na uso kama wa mtoto mchanga na ngozi ya kichwa inayocheza kama swila. Kamera ya mwaka 1950 haikuweza hayo kwa urahisi. Ilimhitaji mtu aliye hai.

Sababu ya pili ni mahali. Kitabu kilibuniwa na mtu aliyeijua Afrika ya Kusini, na Wakukuana wake wanafanana na Wazulu. Sinema ilipelekwa Ruanda kwa sababu Watutsi walijulikana kwa urefu, mavazi na ngoma zao, mambo yanayopendeza katika picha za rangi. Basi watu wa mwisho wa safari wakawa Watutsi, na mwovu wao naye akawa Mtutsi. Ardhi ilipobadilika, umbo lilibadilika nayo.

Sababu ya tatu ni watazamaji waliokusudiwa. Kitabu kiliandikwa kwa wavulana, na hakuna mwanamke wa Kizungu katika safari ile. Sinema ilitaka kuwavuta wanaume na wanawake wa mijini. Kwa hiyo akaingizwa bibi wa Kizungu, Elizabeth Curtis, anayemtafuta mumewe. Mwanamke mmoja aliingia katika hadithi, na mwanamke mwingine, yule kikongwe, akatoka.

Sasa tazameni ubaoni. Tumesema mengi juu ya UMBO. Na TENDO je? Katika sinema ya mwaka 1950 Gagool ni mshauri wa mfalme mkatili, kama kitabuni. Anawaongoza wageni hadi pangoni penye mali, kama kitabuni. Wanapopumbazwa na mali, anatoka kwa siri na kuwafungia ndani kwa mawe, kama kitabuni. Umbo limegeuka kabisa, lakini tendo hilo limebaki lile lile. Ndiyo maana watazamaji waliokwisha kusoma kitabu waliweza kumtambua. Hawakumtambua kwa makunyanzi, maana hakuwa nayo. Walimtambua kwa alilofanya.

4. Somo hili lina maana gani kwetu?

Ndugu zangu, mtu aweza kusema: haya ni mambo ya vitabu na sinema, yanatuhusu nini sisi wa Nyamisangura? Yanatuhusu sana.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Hesabu iliyokusanywa na serikali kwa miaka ya 1970 hadi 1984 ilionyesha kwamba watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini Tanzania kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukuma, jirani zetu. Mauaji ya namna hiyo yameendelea kutokea hata baada ya miaka hiyo.

Na ushahidi ulikuwa nini? Mara nyingi ulikuwa umbo. Bibi ana macho mekundu. Bibi amepinda mgongo. Bibi ana makunyanzi, hana meno, anaishi peke yake, anazungumza mwenyewe. Basi watu wakasema, ndiye.

Lakini macho mekundu yana sababu zake. Mwanamke aliyepika miaka hamsini katika jiko la kuni, au la mavi ya ng'ombe pale ambapo kuni ni adimu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moshi umemkaa machoni maisha yake yote. Moshi ule ni wa chakula alichowapikia watoto na wajukuu. Tena kuna maradhi ya macho, kama vikope, ambayo hospitali huyatibu. Mgongo uliopinda umebeba maji, kuni na watoto. Makunyanzi ni hesabu ya miaka. Hakuna hata moja katika hayo lililo tendo.

Hapa nataka mfikiri sana. Rudini kitabuni, kwenye usiku ule wa kunusa. Ni nani aliyekuwa mwovu usiku ule? Ni yule aliyepita kati ya watu, akanyosha kidole bila ushahidi, na mtu akafa. Ubaya wa Gagool haukuwa katika kichwa chake kisicho na nywele. Ulikuwa katika kidole chake. Basi kijana mwenye nguvu, sura nzuri na nguo safi, akimnyoshea bibi wa jirani kidole na kusema, "Huyu ndiye aliyemwua mtoto wetu," yeye ndiye amefanya tendo la Gagool. Na bibi yule mwenye makunyanzi yuko mahali pa wale waliouawa.

Kumbukeni pia neno la msimulizi, kwamba wengine waliuawa kwa sababu ya mali yao. Bibi mjane mwenye shamba zuri au ng'ombe wachache, mara nyingi hasemwi mpaka pale mtu anapolitamani shamba lile. Mkisikia tuhuma, ulizeni kwanza nani atapata faida.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Uchawi ilitungwa wakati wa Waingereza, mwaka 1928, na ingali katika vitabu vya sheria za Tanzania. Inakataza mtu kuwatangazia watu kwamba mwenzake ni mchawi. Na kuua ni kuua. Mahakama haipokei macho mekundu kuwa udhuru.

Basi tufanye nini? Mtoto akiugua, apelekwe zahanati mapema, ili sababu ya ugonjwa ijulikane. Bibi mwenye macho yanayouma apelekwe kwa mganga wa macho hospitali. Jiko litobolewe dirisha, moshi upate njia. Na mtu akija kwako jioni na maneno ya chini chini juu ya mama fulani, usimjibu kwa woga. Mwulize swali moja la darasani: "Umeona tendo gani?" Kama hana jibu ila umbo, mwambie arudi nyumbani akalale.

Mwandishi mmoja alimpa mwovu umbo la kikongwe. Mtengeneza sinema akampa umbo la chifu mwanamume. Wote wawili walichagua walivyotaka, kwa sababu mwovu wa hadithi ni mali ya msimulizi. Lakini bibi wa jirani yako si mali ya msimulizi yeyote. Uzee wake hakuuchagua yeye, wala hakuchaguliwa na mtu. Ameufikia kwa kuishi. Na wewe ukijaliwa, utaufikia.

Maneno ya kujifunza

Riwaya: hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa katika kitabu.
Tafsiri: maneno yaliyotolewa katika lugha moja na kutiwa katika lugha nyingine.
Mwigizaji: mtu anayejifanya mtu mwingine katika mchezo au sinema.
Tuhuma: jambo baya analodhaniwa mtu, ambalo halijathibitishwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja mambo matatu ambayo Gagool wa kitabuni hafanani nayo na Gagool wa sinema ya mwaka 1950.
2. Ni tendo gani lililobaki lile lile katika kitabu na katika sinema hiyo?
3. Kwa nini kila msikilizaji ana zimwi lake, lakini watazamaji wa sinema humwona mtu yule yule?
4. Simulieni hadithi moja ya hapo kwenu yenye mwovu. Je, mlimjua kwa umbo au kwa tendo?
5. Andika sentensi mbili juu ya mzee mmoja unayemfahamu. Usiandike umbo lake. Andika matendo yake tu.

Someaneni sentensi hizo kwa sauti kabla hamjatawanyika. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, mpaka somo lijalo.